Silaha ya Damu na Vizuizi Vyake: Historia ya Komplementi

Katika kila lita ya maji ya damu ya mtu mwenye afya mna gramu moja hivi ya protini iitwayo C3. Protini hii haimjui adui. Ikishakatwa, hujibandika juu ya chochote kilicho jirani, kiwe bakteria, kuvu au seli ya mwenye damu mwenyewe, na popote ilipojibandika protini nyingine hufuata kuja kutoboa. Zote kwa pamoja ni zaidi ya 30, na mfumo wao unaitwa komplementi.

Kwa karibu miaka 80 wataalamu walitafuta kujua mfumo huu unauaje. Swali la pili, yaani ni nini kinachouzuia usituue sisi tulioubeba, lilichelewa mno kuulizwa. Naona kuchelewa huko ndiko kunakoeleza mengi katika historia hii: ugunduzi sahihi uliokataliwa, magonjwa yaliyokaa miongo bila maelezo, na dawa zilizofika zaidi ya karne moja baada ya jaribio la kwanza.

1888–1901: Damu inaua hata bila seli

Miaka ya 1880 ilikuwa miaka ya vijidudu. Robert Koch alikuwa ameonyesha kisababishi cha kifua kikuu, Louis Pasteur alikuwa amechanja kondoo dhidi ya kimeta, na kila msimu ulileta kijidudu kipya chenye jina. Lililobaki ni kueleza kwa nini, ikiwa vijidudu viko kila mahali, watu wengi hupona au hawaugui kabisa. Huko Paris, Mrusi Élie Metchnikoff alishikilia kwamba ulinzi wote ni kazi ya seli zinazomeza vijidudu. Ujerumani wengi waliamini kwamba nguvu imo katika maji ya damu yenyewe.

Mwaka 1888 George Nuttall, kijana Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti Göttingen, alichanganya damu ya wanyama na bakteria wa kimeta, kisha akahesabu waliobaki hai kadiri saa zilivyopita. Walipungua. Alipoipasha damu moto hadi nyuzi 55 za Selsiasi, uwezo wa kuua ukatoweka. Mwaka uliofuata Hans Buchner wa München aliondoa seli, akabaki na seramu peke yake, yaani maji ya manjano hafifu yanayojitenga damu ikishaganda. Seramu hiyo nayo iliua. Buchner akakiita kitu hicho aleksini.

Hatua iliyofuata ilitokana na kipindupindu. Mwaka 1894 Richard Pfeiffer aliwachoma simbilisi waliokwisha kupata kinga vijidudu vya kipindupindu ndani ya tumbo, akaona kwa hadubini jinsi vijidudu hivyo vinavyovimba na kuyeyuka kwa muda mfupi. Alipojaribu jambo hilo nje ya mwili kwa seramu iliyokaa, halikutokea. Jules Bordet, Mbelgiji wa miaka 25 aliyekuwa katika maabara ya Metchnikoff, alitatua fumbo hilo mwaka 1895. Alitia ndani ya seramu iliyokaa kiasi kidogo cha seramu mbichi ya mnyama ambaye hakupata kuchanjwa. Vijidudu vikayeyuka.

Maana yake ilikuwa kwamba vitu viwili hufanya kazi pamoja. Kimoja huvumilia joto na kumjua adui mahususi. Hicho leo tunakiita kingamwili. Cha pili hufa kwa joto, hakichagui, na kimo katika damu ya kila mnyama, awe amechanjwa au la. Maabara za leo bado huweka seramu katika nyuzi 56 kwa nusu saa zinapotaka kukiua hicho cha pili kabla ya kufanya jaribio jingine. Inafaa kukumbuka pia kwamba ugunduzi huu ulitoka kwa mwanafunzi wa mtu aliyesema seli ndizo kila kitu, na kwamba Metchnikoff alimwacha aendelee.

Mwaka 1898 Bordet aliona kwamba chembe nyekundu za damu ya mnyama mwingine huyeyushwa kwa njia hiyo hiyo. Huo ukawa wepesi mkubwa kwa watafiti, maana chembe zikipasuka chupa yote huwa nyekundu angavu, na jibu huonekana kwa macho. Paul Ehrlich na Julius Morgenroth wa Ujerumani wakaichukua mbinu hiyo, na mwaka 1899 wakakipa kile kinachokufa kwa joto jina jipya, komplementi. Ehrlich alidhani kuna komplementi nyingi. Bordet alisisitiza ni aleksini moja tu. Walibishana kwa miaka, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli.

Ehrlich na Morgenroth walifanya jaribio jingine ambalo ningependa lingeshughulikiwa zaidi wakati ule. Waliwachoma mbuzi damu ya mbuzi wenzao. Wanyama hao walitengeneza kingamwili dhidi ya chembe za wenzao, lakini si dhidi ya chembe zao wenyewe. Ehrlich akahitimisha kwamba mwili una hofu ya kujitilia sumu, na kwa hiyo huepuka kutengeneza silaha dhidi ya nafsi yake. Kauli hiyo ilikuwa na nguvu kiasi cha kufunga mlango. Ikiwa komplementi huua pale tu kingamwili inapoielekeza, na mwili hautengenezi kingamwili dhidi yake wenyewe, hapakuwa na haja ya kutafuta kizuizi chochote.

1901–1949: Kipimo kinatangulia maarifa

Kabla komplementi haijaeleweka, ilikwisha kutumika. Mwaka 1901 Bordet na Octave Gengou walionyesha kwamba kingamwili ikikutana na kijidudu chake, komplementi iliyopo huliwa yote. Hapo mtafiti akitia chembe nyekundu za kondoo zilizokwisha kupakwa kingamwili, hazipasuki, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuzipasua. Chupa isiyogeuka nyekundu inasema kwamba kingamwili inayotafutwa imo.

Mwaka 1905 kijidudu cha kaswende kilionekana kwa mara ya kwanza, na mwaka 1906 August Wassermann, Albert Neisser na Carl Bruck wakatumia mbinu ya Bordet na Gengou kutengeneza kipimo cha ugonjwa huo. Kipimo cha Wassermann kilienea dunia nzima. Simbilisi wakafugwa kwa wingi kwa ajili ya seramu yao iliyojaa komplementi, na kondoo kwa chembe zao nyekundu. Bordet, ambaye wakati huo alikuwa amerudi Brussels kuongoza taasisi mpya na huko akagundua kijidudu cha kifaduro pamoja na Gengou, alipewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Kipimo hicho kilikuwa na kasoro. Haikuchukua muda ikaonekana kwamba kinafanya kazi hata kwa dondoo la moyo wa ng'ombe mzima, asiye na kaswende yoyote. Kilichopimwa hakikuwa kijidudu. Kwa sababu hiyo malaria na ukoma viliweza kutoa majibu ya uongo. Buba nayo, ambayo kijidudu chake ni ndugu wa karibu kabisa wa kile cha kaswende, haikuweza kutofautishwa nayo. Katika Afrika Mashariki ya wakati ule, ambako watoto wengi wa vijijini waliugua buba kwa kugusana tu, jibu la kaswende kwa mtu mzima halikuweza kusema lolote la hakika kuhusu maisha yake ya ndoa. Ni mwaka 1949 ndipo Robert Nelson na Manfred Mayer walipotengeneza kipimo kilichotumia vijidudu hai vya kaswende vyenyewe, ambavyo hupooza mbele ya kingamwili na komplementi, na hata hicho hakikuweza kuzitenganisha kaswende na buba.

Pembeni ya kazi hiyo ya vipimo, wanakemia walikuwa wakiipasua komplementi yenyewe. Ferrata aliigawa sehemu mbili mwaka 1907, na hakuna iliyofanya kazi peke yake. Sumu ya swila ilionekana kuifuta, na hamira nayo pia. Kilichoondolewa kikaitwa sehemu ya tatu. Mwaka 1926 Gordon, Whitehead na Wormall, watafiti wa Uingereza, walitumia amonia kuonyesha sehemu ya nne. Namba zilitolewa kwa mfuatano wa ugunduzi, ndiyo maana mpaka leo mwanafunzi wa udaktari hukariri kwamba C1 huamsha C4, kisha C2, kisha C3.

Entebbe, 1930

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 katika Uganda, hasa kando ya ziwa Victoria Nyanza. Janga hilo ndilo lililoifanya Entebbe kuwa kituo cha utafiti wa trypanosoma, vimelea wanaoletwa na mbung'o. Mwaka 1930 Lyndhurst Duke na Wallace walitoa makala ndefu juu ya jambo la ajabu: trypanosoma waliochanganywa na damu ya aliyekwisha kupata kinga walizungukwa na chembe nyekundu zilizojibandika juu yao. Mwaka uliofuata Wallace akishirikiana na Wormall, yule yule wa amonia, wakafuatilia namna jambo hilo linavyotokea na nafasi ya komplementi ndani yake.

Makala ya 1930 ilitoka katika jarida la Parasitology, ambalo mwanzilishi wake alikuwa George Nuttall, mtu aliyehesabu bakteria wa kimeta Göttingen ujanani. Lakini dunia ya tiba haikuishughulikia. Chembe nyekundu zilijulikana kubeba oksijeni, basi. Hakuna aliyezidhania kuwa na kazi katika kinga. Robert Nelson ndiye aliyelirudisha jambo hili mbele ya wengi mwaka 1953, alipolieleza upya na kulipa jina la mnatano wa kinga. Mwaka 1980 Douglas Fearon akawa amekitambua kipokezi chenyewe, protini iliyo juu ya chembe nyekundu inayoshika vijidudu vilivyopakwa C3. Leo kinaitwa CR1. Chembe nyekundu huvishika vijidudu hivyo na kuvipeleka kwenye ini na bandama, ambako seli mlaji huvichukua. Kilichoonekana Entebbe kwa hadubini ya kawaida kilikuwa njia ya kusafisha damu, na kilisubiri miaka 50 kupata maelezo.

1941–1958: Louis Pillemer

Louis Pillemer alizaliwa Johannesburg mwaka 1908 akakulia Marekani. Katika chuo kikuu cha Western Reserve, Cleveland, alishughulika kwa miaka mingi na kitu kimoja: zimosani, yaani ukuta wa seli za hamira, ambao huifuta C3 katika seramu. Alitaka kujua inafutwaje.

Jibu lilitokana na joto. Katika nyuzi 37 zimosani ilifuta C3. Katika nyuzi 17 haikufuta. Lakini Pillemer alipoiacha zimosani ndani ya seramu katika nyuzi 17, akaitoa, kisha akatia zimosani mpya na kupandisha joto hadi 37, C3 haikufutwa tena. Basi kitu fulani kilikuwa kimenata juu ya zimosani ya kwanza na kutolewa nayo, na bila kitu hicho C3 haikuguswa. Akakiita properdini. Mwaka 1954, katika jarida la Science, yeye na wenzake walitangaza kwamba damu ina njia ya kuua bakteria na kupambana na virusi isiyohitaji kingamwili yoyote.

Ukubwa wa dai hilo lazima ueleweke. Tangu Bordet, komplementi ilikuwa mtumishi wa kingamwili, haiendi mpaka itumwe. Pillemer alisema inakwenda yenyewe, kwa mgeni yeyote, tangu saa ya kwanza, kabla mwili haujajifunza kumjua. Magazeti ya Marekani yaliishangilia properdini, na maabara nyingi zikaikimbilia.

Kisha Robert Nelson, mtu mwangalifu ambaye tumekwisha kumwona mara mbili, akaleta pingamizi. Alisema seramu ya kawaida ina kingamwili kidogo dhidi ya karibu kila kitu, hata hamira, na kwamba properdini inaweza kuwa mchanganyiko wa kingamwili hizo pamoja na komplementi ya kawaida. Pingamizi lilikuwa la haki, kwa sababu properdini ya Pillemer haikuwa safi na vifaa vya wakati ule havikutosha kuisafisha. Ila wengi walilipokea kana kwamba ni hukumu. Pillemer alifariki ghafla mwezi Agosti 1957, akiwa na miaka 49, na makala kamili ya Nelson ikatoka 1958. Properdini ikawa jambo la kuonea haya; kijana aliyetaka kujenga jina lake aliiepuka.

Nimesoma habari hizi mara nyingi na kila mara ninaumia, si kwa sababu Nelson alikosea kuuliza, bali kwa sababu swali lake lilihesabiwa kuwa jibu. Mwanafunzi na mwenzake Pillemer, Irwin Lepow, alibaki Cleveland. Katika miaka hiyo hiyo yeye na Oscar Ratnoff walikuwa wakichunguza kimeng'enya kilichomo ndani ya C1, na Lepow akaendelea kuchunguza kitu katika seramu kinachokizuia kimeng'enya hicho. Kizuizi cha kwanza cha komplementi kikawa kimepatikana katika maabara ya watu walioonekana kushindwa.

1960–1975: Simbilisi wasio na C4

Miaka ya 1960 ilileta usafi wa kemia uliokosekana. Hans Müller-Eberhard, Mjerumani aliyefanya kazi Sweden na baadaye Kalifornia, aliitenga C3 safi mwaka 1960. Nelson mwenyewe alizitenga sehemu 9 za komplementi ya simbilisi. Mwaka 1964 Borsos, Dourmashkin na Humphrey walizipiga picha chembe nyekundu zilizoshambuliwa, kwa hadubini ya elektroni, na matundu yakaonekana: mviringo baada ya mviringo, kila moja upana wa nanomita 10 hivi. Baadaye ilibainika kwamba tundu hujengwa na C5 hadi C9, na kwamba molekuli nyingi za C9 hujipanga kuzunguka mdomo wake. Seli iliyotobolewa huingiwa na maji ikapasuka.

Mwaka 1968 maabara ya Cleveland ilitoa properdini iliyo safi kabisa, na haikuwa kingamwili. Ushahidi uliomaliza ubishi ulitoka kwa mnyama. Mwaka 1970 Ellman, Green na Frank walieleza juu ya ukoo wa simbilisi waliozaliwa bila C4. Kwa mafundisho ya zamani damu yao isingeweza kabisa kuifikia C3, kwa kuwa njia ya kingamwili hupita C4. Lakini ilifika, ikiwa imechochewa na kuta za vijidudu. Mwaka 1971 Müller-Eberhard na Otto Götze walieleza vimeng'enya vya njia hiyo ya pili. Sayansi ikaiita njia mbadala, jina ambalo ninaona haliitendei haki, kwa kuwa sehemu kubwa ya komplementi inayowashwa mwilini huishia kuongezwa nguvu na njia hiyo.

Huko Uingereza Peter Lachmann na wenzake wakaeleza kwa nini haihitaji kutumwa. C3 hujivunja yenyewe polepole, muda wote, hata kwa mtu asiyeugua. Ni taa ya chemli iliyopunguzwa utambi ambayo haizimwi. Vipande vinavyozaliwa hunata juu ya uso wowote vilivyo karibu nao, na kila kipande kilichonata kinaweza kuunda kimeng'enya kinachokata C3 nyingine, na nyingine. Mzunguko huo ukianza juu ya bakteria, ndani ya dakika chache bakteria huyo amefunikwa.

Na ukianza juu ya seli yangu? Hapo ndipo swali lililofungwa tangu Ehrlich lilipofunguka lenyewe. Mwaka 1970 Chester Alper na wenzake Marekani walieleza habari za mgonjwa aliyeugua maambukizo ya bakteria tangu utotoni. C3 yake ilikuwa chache mno. Ilidhaniwa haitengenezi, kumbe aliitengeneza vizuri. Ilikuwa inachomeka yote ndani ya damu kwa sababu alikosa protini moja inayouzima ule mzunguko, ile inayoitwa sasa faktori I. Mgonjwa huyo alikosa silaha kwa sababu ya kukosa kizuizi.

1963–2010: Magonjwa yanaeleza

Kuanzia hapo magonjwa ya zamani yalianza kusomeka. Mwaka 1888 William Osler alikuwa ameeleza juu ya ukoo wenye uvimbe wa ghafla uliorithiwa kizazi hadi kizazi, ambao ukishika koo huua kwa kuziba pumzi. Mwaka 1963 Virginia Donaldson na Richard Evans walionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo wana upungufu wa kizuizi cha C1, kile kile kilichochunguzwa na kundi la Lepow.

Ilionekana pia kwamba watu waliozaliwa bila C1q, protini ya mwanzo kabisa ya njia ya kingamwili, karibu wote huugua lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo na figo. Mtu angetarajia kinyume. Maelezo yanayokubalika ni kwamba komplementi husaidia kuondoa mabaki ya seli zinazokufa kila siku. Yasipoondolewa, mwili huanza kuyatengenezea kingamwili.

Waliokosa sehemu za mwisho, C5 hadi C9, walishangaza zaidi. Wengi wao wako salama dhidi ya vijidudu vingi, lakini hatari yao ya kuugua homa ya uti wa mgongo inayoletwa na meningokoki ni kubwa maelfu ya mara kuliko ya watu wengine. Jambo hili lilikuwa limekwisha kugusiwa mwaka 1969, Goldschneider, Gotschlich na Artenstein walipopima damu za kuruta wa jeshi la Marekani kabla hawajaugua: walioshikwa na meningokoki walikuwa, isipokuwa wachache, wale ambao seramu yao haikuweza kumuua kijidudu huyo ndani ya chupa.

Kipimo hicho cha kuua ndani ya chupa kikawa kigezo cha kupimia chanjo. Kigezo hicho ndicho kilichotumika kwa MenAfriVac, chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya ukanda wa homa ya uti wa mgongo unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, kwa bei isiyofika nusu dola ya Marekani kwa dozi. Damu za waliochanjwa zilichanganywa na meningokoki na komplementi ya sungura, na wanaobaki hai wakahesabiwa. Desemba 2010 Burkina Faso ilianza kampeni yake, na katika nchi zilizochanja, aina A ya ugonjwa huo ikakaribia kutoweka.

1997–2018: Vimelea hujifunza

Kitu kisichomjua adui kinaweza kudanganywa na adui aliyevaa vazi la nyumbani. Kizuizi kikuu cha njia mbadala ndani ya damu ni faktori H, inayotambua sukari zilizo juu ya seli zetu na kuzima C3 papo hapo. Meningokoki ana protini juu yake ambayo kazi yake ni kuidaka faktori H na kujifunika nayo. Kijidudu cha koo kinacholeta homa ya baridi yabisi hufanya hivyo pia. Chanjo za meningokoki wa aina B zilizotoka kuanzia 2013 hufundisha mwili kuishika protini hiyo hiyo ya wizi.

Malaria iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1997 Alexandra Rowe na wenzake walionyesha kwamba CR1, kile kipokezi cha chembe nyekundu, ndicho ambacho chembe zilizoambukizwa na Plasmodium falciparum hukishika ili zigandamane na chembe nzima, hali inayohusishwa na malaria kali. Barani Afrika aina fulani za CR1 zilizo nadra kwa Wazungu ni za kawaida sana. Mwaka 2018 Herbert Opi, Rowe, Thomas Williams na wenzao walitoa matokeo ya watoto wa Kilifi, pwani ya Kenya: watoto wenye aina iitwayo Sl2 walikuwa na hatari ndogo zaidi ya malaria ya ubongo na ya kifo. Aina nyingine ya kipokezi hicho hicho, McCb, iliambatana na hatari iliyoongezeka. Na kinga ya Sl2 ilionekana zaidi kwa wale wasiorithi thalasemia ya alfa, hali nyingine ya damu iliyo ya kawaida pwani na ambayo nayo huwakinga watoto. Kinga mbili zikikutana ndani ya mtoto mmoja, hazijumlishwi.

Kati ya miaka hiyo, mwaka 2005, makala tatu zilitoka pamoja katika Science zikionyesha kwamba badiliko la herufi moja katika jeni ya faktori H huongeza sana hatari ya kupofuka uzeeni kwa kuharibika kitovu cha retina. Watafiti wa makala moja kati ya hizo walikuwa wakichunguza jeni zote bila kuchagua, na faktori H ikajitokeza yenyewe.

2007–2023: Kuifunga silaha

Mwaka 1882 Paul Strübing, daktari Mjerumani, alieleza juu ya fundi wa mikokoteni aliyeamka asubuhi na mkojo mweusi wa damu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 Thomas Ham wa Boston alionyesha kwamba chembe nyekundu za wagonjwa wa aina hiyo hupasuka ndani ya seramu iliyotiwa asidi kidogo, na kwamba seramu hiyo ikipashwa moto kwanza, hazipasuki. Kilichozipasua kilikuwa komplementi ya mgonjwa mwenyewe, bila kingamwili. Ham alikuwa ameiona njia mbadala miaka 15 na zaidi kabla ya Pillemer, ila hapakuwa na nadharia ya kuipokea. Mwaka 1993 kundi la Taroh Kinoshita huko Osaka lilipata jeni iliyoharibika: seli za uboho zenye kasoro hiyo haziwezi kushikiza juu yake vizuizi viwili, DAF na CD59. Chembe huzaliwa uchi. Ugonjwa huu unaitwa kwa kifupi PNH, na nusu ya wagonjwa walikuwa wakifariki ndani ya miaka 10 hivi, wengi kwa damu kuganda ndani ya mishipa.

Machi 2007 Marekani iliidhinisha ekulizumabu, kingamwili ya maabara inayoishika C5 isikatwe. Komplementi ilifungwa kwa makusudi, na chembe zikaacha kupasuka. Wagonjwa wengi waliohitaji kuongezewa damu kila mara wakaacha kuongezewa, na maisha yao yakarefuka kukaribia ya watu wengine. Bei yake ilizidi dola 400,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja, nayo ni dawa ya maisha. Kwangu hili si jambo la pembeni katika historia hii. Maarifa yaliyoifanya iwezekane yalichangiwa na maabara za umma na vyuo vikuu kwa zaidi ya karne, pamoja na damu za wagonjwa wasiolipwa kitu, na kwa wengi wa wanaougua PNH katika nchi zetu dawa yenyewe ipo kwenye vitabu tu.

Ekulizumabu hufunga C5, hatua za mwisho. C3 huendelea kunata juu ya chembe zisizo na vizuizi, na kwa baadhi ya wagonjwa ini na bandama huendelea kuzichukua. Ndiyo sababu watafiti walirudi nyuma hatua moja baada ya nyingine. Mwaka 2021 iliidhinishwa dawa inayoifunga C3 yenyewe. Desemba 2023 ikaja iptakopani, kidonge kinachomezwa mara mbili kwa siku, ambacho hufunga faktori B, kimeng'enya cha njia mbadala, ile ambayo Pillemer aliambiwa haipo.

Anayeanza dawa yoyote kati ya hizo huchanjwa kwanza dhidi ya meningokoki, na huelezwa kwamba akipata homa, hata ndogo, asisubiri kupambazuke.